Udi wa Baba

Malindi, 13 Aprili 2025

Dada yangu Lubna,

Assalaam alaykum. Huku tuko wazima. Goti la Mama limeanza tena na hizi mvua, lakini anakula, anakoroma, na juzi kamfukuza muuza mihogo kwa sababu mihogo ilikuwa na mizizi. Basi ni mzima. Paka amezaa ndani ya kiatu changu cha Ijumaa na hakuna anayethubutu kumhamisha.

Barua hii naiandika kwa amri. Mama amechoka kusikia tukipigiana simu, mmoja anakata na mwingine anaendelea kuitukana simu iliyokwisha kukatwa. Ametoa hukumu: hakuna simu kati yetu mpaka arusi ya binti yangu Hindu ipite. "Andikianeni," kasema, "karatasi haina mdomo." Tarishi wetu atakuwa Hindu mwenyewe, maana siku za kazi analala kwako Kilifi na mwisho wa wiki yuko kwangu. Nyumba yako inampata zaidi binti yangu kuliko yangu, lakini hilo silo nililoshikia kalamu.

Nasikia amekupa wewe wimbo wa kupamba kwake. Sikuambiwa naye, nimeambiwa na Mama, naye kaniambia huku akitafuta miwani yake, kama mtu anayetangaza bei ya nyanya. Mimi, Lubna, nimepiga udi katika arusi za watu tangu ndevu zangu ziwe nyeusi. Nimewapigia mabinti wa wavuvi Ngomeni, mabinti wa mahakimu, hata mabinti wa watu walioniandika vibaya magazetini. Binti yangu mimi anapigiwa na kishikwambi.

Nieleze, maana mimi ni msomaji na msomaji huuliza. Ngoma inatoka wapi? Ndani ya kioo. Zumari? Ndani ya kioo. Fidla kumi za watu kumi? Ndani ya kioo kile kile, na aliyezipiga ni kidole kimoja cha mwanamke aliyekaa kitandani. Hicho si chombo cha muziki. Anayepapasa kioo akasema anapiga ngoma ni sawa na anayelamba picha ya pilau akasema ameshiba.

Mimi sina wivu. Nauliza tu.

Nduguyo, Muhidin


Kilifi, 2 Mei 2025

Kaka Muhidin, shikamoo.

Sisi tu wazima. Bati la jikoni linavuja pale pale ulipolitengeneza mwaka jana. Nimepata jirani mpya, Nyaboke, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kisii, mwenye sauti ya kwaya inayopita ukutani bila kubisha hodi. Siku ya kwanza nilimgombeza. Siku ya pili nilimwita ndani.

Umeuliza, nakujibu. Programu ni nne. Moja ina ngoma. Ya pili ina kinanda na fidla. Ya tatu ni ya kurekodi: ndani yake kila sauti ina mstari wake, na mistari hupangwa mmoja juu ya mwingine kama kanga kabatini. Ya nne ndiyo nnayoipenda, kwa sababu haina sauti yake. Kazi yake ni kuzishika nyingine mikono: hutoa ngoma kwenye nyumba yake na fidla kwenye nyumba yake, ikazipeleka zote kwa ile inayorekodi, zote zikifuata saa moja. Bila hiyo kila programu hujipigia peke yake na kudhani dunia nzima inasikiliza. Unawajua watu wa namna hiyo.

Sauti yangu naichukulia ndani ya kabati la nguo. Natia kichwa na maikrofoni kati ya mabuibui, kwa sababu nguo humeza mwangwi na mabodaboda. Ukinikuta utasema Lubna kapagawa.

Nimejifunza mwenyewe. Tableti kaninunulia Hindu kwa mshahara wake wa kwanza. Wewe nadhani alikununulia kanzu.

Wimbo huu ni wa wanawake, kaka. Utapigwa ukumbini siku ya kupamba, mabuibui yakiwa yamevuliwa na milango imefungwa, na hautatumwa kwenye simu ya mtu. Hutausikia. Usikasirike, ndiyo desturi, sikuitunga mimi.

Jambo moja tu. Hindu anasema katika kupamba kwake anataka udi wa baba yake. Basi mpe aniletee ule mzuri aliokupa rafiki yako wa Maskati, vipande vichache, tufukize ukumbi.

Msalimie Mama. Mwambie ile dawa ya goti ni ya kupaka, si ya kunywa.

Lubna


Malindi, 11 Mei 2025

Lubna,

Wa alaykum salaam. Mama anasema alijua ni ya kupaka, alionja tu. Watoto wa paka sasa wanatembea. Yasin, mkwe wetu mtarajiwa, alipita na wajomba zake kutoka Ngomeni wakaleta kamba wakubwa, nami nikamwuliza maswali mawili ya sarufi, akajibu moja. Atafaa.

Udi huo hapo ndani ya mfuko. Nikuambie ukweli: niliposoma katika barua yako "anataka udi wa baba yake" nilisimama. Nilisimama kabisa, kiti kikaanguka. Kisha nikasoma mpaka mwisho wa mstari, nikakiinua kiti.

Chukueni mfukize. Nuksi ya moshi ni kwamba hauna jina la mtu.

Na kwa kuwa unajisifu, nakupa swali ambalo programu zako nne zikikaa kikao hazitalijibu. Kinanda chako cha kioo kimekatwa vipande kumi na viwili na Mzungu fulani aliyependa mambo yakae sawa. Wimbo wa arusi wa kwetu una sauti inayokaa katikati, kati ya kipande na kipande, mahali ambapo kioo chako hakina mlango. Marehemu Baba alinikalisha nayo miezi mpaka kidole kikaijua. Ukiikosa hiyo, bibi arusi ataingia ukumbini kwa wimbo wa tangazo la sabuni.

Kanzu aliyoninunulia ni nzuri sana. Inanibana mabega tu.

Muhidin


Kilifi, 13 Juni 2025

Kaka, shikamoo, na Idd kubwa iliyopita iwe ya kheri kwako.

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa na Mama hapa sikukuu nzima, na ukiwa na Mama huna mikono miwili. Kamfundisha Nyaboke kupika mkate wa sinia. Nyaboke kamfundisha wimbo wa kanisani, sasa anaupiga mluzi akitawadha. Usimwambie nimekwambia.

Tableti ilinisumbua. Nikifungua programu zote nne pamoja inahema kama mzee kwenye ngazi, sauti inakatika vipande. Sasa nafanya hivi: naifungua ya ngoma, nairekodi, naifunga. Naifungua ya fidla, nairekodi juu ya ngoma, naifunga. Taratibu, kama mtu anayepika kwa jiko moja.

Ile sauti yako ya katikati nimeiweka. Kuna mahali ndani ya programu ya pili ambapo kila sauti inaweza kushushwa kidogo kidogo, na mimi nimeishusha mpaka ikakaa panapotakiwa. Kioo kina mlango. Utataka kujua nani aliyenifundisha ikae wapi. Usiulize.

Hata udi umo, wa programu. Si mbaya.

Ule wako umefika pia. Unanukia sana.

Lubna


Malindi, 22 Juni 2025

Lubna,

Salamu baadaye. Mama mzima, paka wazima, mimi si mzima.

Jana nilikuwa jikoni na binti yangu, anamenya viazi. Akaniuliza:

"Baba, ulipiga wimbo gani?"

"Nilipiga wapi?"

"Kwenye udi uliompelekea shangazi."

"Hindu, udi ule niliutia ndani ya mfuko wa nailoni, ukaubeba wewe mwenyewe."

"Ule wa kufukiza, Baba? Siusemi huo. Nilimwambia shangazi tangu mwezi wa tatu: wimbo uimbe wewe, upange wewe, lakini ndani yake nataka udi wa Baba. Wenye nyuzi! Nikadhani unakataa. Nikadhani umekasirika kwa sababu sikukuomba mwenyewe, na mimi niliona haya kukuomba. Kisha juzi nikaona kwenye tableti ya shangazi mstari wa udi, nikadhani umekubali."

Kiazi kikamwanguka. Mimi sikukiokota.

Lubna binti Omari, wewe umezaliwa katika nyumba yenye udi ukutani na udi chetezoni. Neno hili umelisikia kabla hujaota meno. Ukaambiwa na mtoto anataka udi wa baba yake, ukaniomba moshi! Na nafasi yangu ukaijaza kwa udi wa programu, ambao Mama, na masikio yake yaliyobaki nusu, ameniambia aliusikia kwako sikukuu akauliza, "Hiyo redio ya nani?"

Nimeandika dhidi ya mawaziri, nimeandika dhidi ya maprofesa wanaokiua Kiswahili kwa mishahara minono. Sijawahi kukosa neno la kumwita mtu. Leo nimekosa.

Hukulielewa, au hukutaka kulielewa?

M.


Kilifi, 4 Julai 2025

Kaka Muhidin,

Shikamoo.

Nililielewa. Nilichagua kuelewa vibaya.

Sasa usikate, hii si simu. Soma.

Ulipokuwa ukikalishwa na Baba chumba cha mbele, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikichambua mchele. Mlango ulifungwa kwa sababu msichana hapigi udi. Kila alipokukosoa wewe, mimi nilisikia. Kila alipokuambia "shusha, bado, shusha," mimi nilishusha kichwani. Wewe ulichukua miezi kuipata ile sauti ya katikati. Mimi niliipata kabla yako, na nilikaa nikingoja uipate ili Baba anyamaze tukale. Sikuwahi kuishika kamba hata moja ya udi ule. Alipokufa mlinipa mitungi.

Leo nina kioo. Hakuna anayeweza kunifungia mlango wa kioo. Mtoto akaja akaniambia: shangazi, tunga, imba, panga, yote ni yako, lakini tia udi wa Baba. Muhidin, hata humu? Hata ndani ya kabati langu la nguo nikupishe ukae mbele?

Ndiyo maana. Sina haya nalo, na sikuombi radhi kabla hujaniomba.

Lakini arusi ni ya Hindu. Ukitaka kuingia, masharti ni yangu. Katika flashi hii nimekuwekea ngoma na saa: utasikia tiki, tiki. Vaa visikizi vya waya, vile visivyo na waya huchelewesha sauti. Zima feni. Piga ukiifuata saa, usiikimbie. Mkono wako ukipata moto huwa unakimbia, Baba alikuambia kila siku, nami nilikuwa nakubaliana naye.

Lubna


Malindi, 13 Julai 2025

Lubna,

Wa alaykum salaam. Mama hajambo.

Flashi nakurudishia, mpe shukrani tarishi. Feni nilizima. Mabata ya jirani nilishindwa kuyazima. Nimepiga mara moja, sikurudia.

Ile saa yako niliisikiliza, kisha nikavua visikizi. Mimi sipigiwi saa sikioni kama kuli wa bandarini. Muziki ukifuata saa huwa ni kengele ya shule. Nimepiga kama nipigavyo, na programu zako zikitaka kunifuata zinifuate, zisipotaka zibaki na udi wa redio. Lakini nakuonya: usinikate. Najua mashine hizo zinaweza kumkata mtu vipande kama papa, zikapanga minofu yake pale zinapotaka. Ukinikata nitajua.

Kuhusu ukuta, sina la kuandika.

Muhidin


Malindi, 3 Agosti 2025

Lubna,

Tarishi kaja mikono mitupu kwa mara ya tatu. Namwuliza, "Shangazi yako kasema nini?" Anajibu, "Kasema salamu." Salamu! Umenikata? Umenitoa? Upo mstari wangu, au umeufuta ukala biskuti?

Mama anasema nipunguze chumvi. Sijui chakulani au baruani.

M.


Kilifi, 22 Agosti 2025

Kaka Muhidin, shikamoo.

Arusi imepita na simu sasa ni halali, lakini nimekaa nikaona nikikupigia utanikata kabla sijafika mwisho. Tarishi wetu ni mke wa mtu Ngomeni, kwa hiyo hii nimeitia kwenye basi la asubuhi. Nashukuru kwa pilau, kwa viti, na kwa kutogombana na mtu yeyote mbele ya wakwe. Nilikuona Jumamosi ile ya kupamba nyuma ya ukumbi, umesimama karibu na jenereta na ile kanzu aliyokununulia Hindu, ukijifanya unakagua mafuta.

Nikwambie kwa nini sikujibu barua zako. Nilifungua ulichopiga nikakiweka chini ya ngoma. Mwanzo mko pamoja. Katikati umemkimbia kila mtu. Mwisho wewe uko Mombasa, ngoma iko Kilifi. Nilitukana ndani ya kabati. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya mkasi, na mkasi wa programu hauna damu, unagusa tu. Nikasikiliza tena ili nijue pa kukukata. Nikasikiliza tena. Ulipokimbia palikuwa pale pale ulipokuwa ukikimbia ukiwa mvulana, pale ambapo Baba alikuwa akipiga meza, nami nyuma ya ukuta mchele wote nilikuwa nimeuacha.

Basi nilimfuta mpiga ngoma. Kazi ya wiki tatu nzima: nikaizima ile saa, nikafuta na fidla zote zilizoifuata. Nikamwita Nyaboke. Mimi nikapiga ngoma upya kwa vidole juu ya kioo, yeye makofi, wote tukikufuata wewe, kila unapopata moto na sisi tunapata. Nyaboke akaniuliza, "Huyu kaka yako anakimbizwa na nani?" Nikamwambia, "Na dada yake."

Udi wa programu nimeufuta pia.

Kitu kimoja kilinishinda. Kabla ya kugusa kamba ya kwanza ulijikohoza, kama kawaida yako, ile "ehem" ya mtu anayetaka watu wajue amefika. Nilijaribu kuiondoa. Lakini kamba ya kwanza imelia kabla hujamaliza kukohoa, nikikata kikohozi naikata kamba kichwa. Na uliniambia nisikukate. Nikaiacha.

Sasa sikiliza. Ukumbi umejaa, milango imefungwa, mabuibui yametundikwa, wanawake wamejipamba, wengine hata mgongo wazi. Bibi arusi yuko mlangoni kwa ndani, anasubiri wimbo. Nabonyeza. Spika kubwa mbili. Na kitu cha kwanza kinachotoka, kabla ya ngoma, kabla ya mwanamke yeyote kuimba, ni mwanamume anakohoa.

Kaka, kwetu mwanamume hukohoa mlangoni lini? Anapotaka kuingia palipo na wanawake.

Ukumbi mzima ulipiga yowe. Mashangazi wa Yasin walijitupia leso, mitandio, kitambaa cha meza. Mmoja aliingia nyuma ya keki. Na Mama, ambaye haisikii adhana ya mlango wa pili, alisimama na fimbo yake katikati ya watu akapaza sauti: "Jifunikeni! Muhidin kaingia! Mtoeni!"

Kamba ya pili ikalia. Hindu akaanza kutembea.

Goti la Mama linaendeleaje baada ya kusimama kote huko?

Lubna


Malindi, 24 Agosti 2025

Lubna,

Wa alaykum salaam. Goti linauma, lakini anasema lilikuwa na sababu. Nyumba imekuwa kubwa. Paka wamegawiwa, mmoja Hindu kaondoka naye.

Nilikuwa nyuma ya ukumbi, ndiyo. Sikusikia kitu ila jenereta. Nilisimama pale nikautegea ukuta sikio, mtu mzima wa miaka yangu, nikijaribu kusikia chumba nisichoruhusiwa. Sasa nimeandika kuhusu ukuta. Usitake zaidi.

Usinitumie wimbo. Ni wa wanawake, na mimi hupiga kelele kuhusu desturi magazetini, siwezi kuivunja sebuleni. Lakini nikwambie kitu cha kipumbavu. Tangu barua yako ifike nauangalia huu mkono wa kulia, nikishika kalamu, nikila, nao nauonea wivu. Umemwona mwanangu akitembea. Mimi sikumwona.

Nawe barua yako umeikatia pabaya, makusudi, kama ulivyozoea. Nijibu hili moja tu, kwa simu au kwa basi, vyovyote. Mama aliposema mtoeni, mlinitoa?

Muhidin


Kilifi, 26 Agosti 2025

Kaka,

Nilishika tableti nikamtazama Mama, nikingoja amri. Alikuwa amekwisha kujifunika mtandio wake, kichwa kimeinama upande wa spika, fimbo imeshuka. Akasikiliza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake:

"Basi, mwacheni amalize."

Lubna